Ukitaka Kuujua Ukoo Wako wa Gusii, Nenda Ukakae

Kila Desemba barabara ya Narok na Bomet hujaa matatu na magari ya binafsi yanayoelekea Kisii na Nyamira. Ndani mna watoto wa Gusii waliokulia Nairobi, Mombasa, na siku hizi Minneapolis na Dallas. Wanakuja Krismasi, mbuzi anachinjwa, wanapiga picha na nyanya mlangoni, na Mwaka Mpya ukiingia wameshaondoka. Baadhi yao huja na daftari na maswali: babu wa babu alikuwa nani, alitoka wapi, na kwa nini jina letu la ukoo si la binamu zetu?

Mwongozo huu nimewaandikia hao. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: wiki mbili za Desemba hazitoshi. Panga kukaa miezi mitatu, au zaidi ukiweza. Sababu si wingi wa kazi tu. Gusii, historia ya ukoo ni historia ya shamba, na hakuna anayemfungulia mgeni hati za shamba siku ya kwanza, hata mgeni akiwa damu yake.

Fikiria hali ilivyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, na wengi wao wanaishi kwa kulima. Shamba la babu mmoja limegawiwa wana, kisha wajukuu, mpaka kuna nyumba zilizobaki na kipande kisichofika nusu ekari. Sasa anatokea kijana aliyezaliwa ng'ambo, simu mkononi, anauliza babu alikuwa na wake wangapi na mpaka wake ulipita wapi. Wewe unajiona mtafiti. Binamu yako anaona mdai.

Kwa hiyo siku za mwanzo usiulize chochote cha ukoo. Salimia, kula, nenda kanisani, saidia kuchuma majani chai kama wenyeji wako wanalima. Kisha muombe baba mdogo au shangazi mnayeaminiana akupeleke kwa mzee wa kijiji na kwa naibu wa chifu, ujitambulishe. Halafu omba kikao cha wazee wa boma, nunua sukari na mkate, na useme mbele ya wote kwamba umekuja kuandika historia wala hutafuti shamba. Useme hivyo, na uwe unamaanisha. Kama baba yako ana sehemu yake ambayo haijatatuliwa, chagua moja: maliza jambo hilo kwanza, au liache kabisa mpaka utafiti uishe. Ukiyachanganya, kila jina utakalopewa litakuwa limepimwa kwanza kwa uzito wa ardhi.

Kabla hujafunga safari

Andika unachokijua, hata kama ni kidogo. Jina la baba, la babu, la baba wa babu. Usitegemee jina la ukoo kama Wazungu wanavyotegemea lao. Kwa desturi yetu mtoto alibeba jina lake na jina la baba yake. Tuseme Makori mwana wa Onsongo: mwanawe akaitwa Nyakundi Makori, na mjukuu akaitwa Ombati Nyakundi. Ndani ya vizazi vitatu jina la Onsongo limetoweka kwenye karatasi, halafu shule au pasipoti ikaja kugandisha jina moja mahali lilipofikia. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kuwa na watoto wasiofanana jina hata herufi. Zaidi ya hayo mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki, kwa hiyo jina moja hurudi kila baada ya vizazi viwili vitatu. Kila unapoandika jina, andika pia la baba yake na la mama yake, la sivyo utawaunganisha watu wawili kuwa mmoja.

Kisha jua unatoka tawi gani kubwa: Kitutu, Mugirango ya Kaskazini, Mugirango ya Kusini, Nyaribari, Bonchari, Bassi au Machoge. Majina ya maeneo bunge yamehifadhi mengi ya haya mpaka leo. Lakini makao si ukoo. Mtu wa Borabu, kwa mfano, huenda familia yake ilihamia huko miaka ya 1960, mashamba ya walowezi wa mpaka wa Sotik yalipogeuzwa kuwa skimu za makazi. Asili yake iko Kitutu au Mugirango, na makaburi ya zamani yako huko. Wengine walivuka kwenda Trans Mara, wengine wakabaki kwenye mashamba ya chai ya Kericho walikoenda kuajiriwa.

Soma kidogo. William Ochieng' alichapisha mwaka 1974 kitabu chake cha historia ya Wagusii kabla ya ukoloni, kilichotokana na masimulizi ya wazee ambao leo hawapo. Robert Maxon aliandika juu ya Wagusii na Waingereza kati ya 1907 na 1963. Philip Mayer aliandika mwaka 1949 kuhusu mpangilio wa koo, na Robert na Barbara LeVine walitoa mwaka 1966 kitabu juu ya kijiji kimoja walichoishi katika miaka ya 1950. Hutakuta babu yako humo, ila utajua maswali ya kuuliza. Na kama uko Marekani, Chuo Kikuu cha Syracuse kina mikrofilamu za nyaraka nyingi za taifa la Kenya. Unaweza kuanza huko kabla ya kulipa nauli.

Kuhusu kuingia nchini: tangu Januari 2024 wageni wengi huomba idhini ya kusafiri ya kielektroniki, eTA, badala ya viza, na kukaa zaidi ya siku 90 kunahitaji kuongezewa muda na idara ya uhamiaji. Lakini kama baba au mama yako alikuwa raia wa Kenya ulipozaliwa, Katiba ya 2010 inakutambua kuwa raia kwa kuzaliwa, popote ulipozaliwa, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. Shughulikia hilo mapema. Kitambulisho cha Kenya hufungua milango ya ofisi nyingi utakazozihitaji.

Kukaa na wazee

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo utakapotumia siku zako nyingi.

Anza kwa kujua chinsoni, adabu ya staha inayotawala mazungumzo kati ya vizazi. Baba na mwana hawazungumzi ovyo mambo ya ndoa, uzazi na mwili. Wala mkwe na mkwe. Kizazi kinachopakana na chako kina mpaka. Lakini babu na mjukuu wana uhuru, hutaniana, na huambiana yale ambayo baba hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini babu alioa mke wa tatu, usimuulize baba yako. Muulize nyanya, au mzee wa rika la babu, na baba yako asiwe pale. Nimeona vikao vikifa ghafla kwa sababu tu mkwe aliingia na chai.

Ekegusii kina mtego mmoja kwa anayetumia Kiswahili: mzee akisema "baba" anamtaja mama, na baba ni "tata". Ukirekodi mazungumzo ya lugha mbili zilizochanganyika, hakikisha pale pale nani anatajwa. Mwite nyanya "magokoro" na babu "sokoro", hata asiyekuzaa. Asubuhi salimia "bwakire buya".

Wengi wanaokuja hukimbilia wanaume, kwa kuwa ukoo unafuata baba. Nadhani hilo ndilo kosa linalopoteza mengi kuliko yote. Boma la mitala lilijengwa kwa nyumba za wanawake: kila mke na nyumba yake, enyomba, na watoto, mashamba na ng'ombe vilihesabiwa kwa nyumba. Matawi ya ukoo mara nyingi yamegawanyika kwa kufuata wake wa mzee mmoja. Mzee mwanamume atakupa mstari mrefu wa majina ya baba baada ya baba, ulionyooka na uliosafishwa. Mke aliyeolewa pale miaka sitini iliyopita ndiye atakayekuambia nani alizaliwa nyumba gani, nani alikufa mchanga, nani aliletwa akiwa mtoto na mama yake, na ng'ombe wa mahari ya shangazi fulani walikwenda kumwolea nani.

Keti naye anapopambua maharagwe. Usiulize "niambie historia yetu". Uliza: ulipofika hapa kama bibi harusi, nyumba ya kwanza upande wa juu ilikuwa ya nani? Atanyoosha mkono kuelekea mgombani, ataje mke mkubwa na alikuwa binti wa nani, aanze kuhesabu watoto wake kwa vidole, asimame kwenye kidole cha nne, ajisahihishe, aendelee. Mwache. Halafu uliza nyumba iliyofuata. Ukimaliza boma zima kwa mtindo huo una ukoo wa vizazi vitatu, pamoja na koo za wanawake walioolewa humo, jambo ambalo wazee wanaume wengi hawalikumbuki. Chora ramani ya nyumba hizo kwenye daftari mbele yake. Kesho mchoro huo utaushika mkononi na kuurekebisha naye.

Jiandae kukutana na baba wa aina mbili. Kwa desturi, mtoto ni wa yule ambaye ng'ombe wake walilipwa. Mjane aliweza kuendelea kuzaa kwa jina la marehemu mumewe kupitia ndugu ya mume. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake, na watoto wakahesabiwa wa nyumba yake na wa mumewe. Hakuna udanganyifu hapo, ndiyo sheria ya ukoo wenyewe. Kama umepima vinasaba na majibu hayakubaliani na wazee, usiende kuwasomea wazee majibu hayo. Andika vyote viwili kwenye daftari lako, ukoo kama unavyotambuliwa na damu kama ilivyopimwa, na uendelee.

Kuna pia familia zilizopokewa ukooni zikitoka kwa Wakipsigis, Wajaluo au koo nyingine wakati wa njaa na vita vya karne ya 19. Leo ni wana ukoo kamili, na swali la asili yao likiulizwa hadharani linaweza kuwanyima usingizi, maana linarudi kule kule kwenye ardhi. Na kuna vifo ambavyo familia haijavipona, vikiwemo vya watu waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Mtu akinyamaza, nyamaza naye.

Tarehe hutazipata kwa kuuliza mwaka. Uliza kwa matukio. Alikuwa ameshatahiriwa Wajerumani walipoingia Kisii? Hiyo ni Septemba 1914. Alizaliwa kabla ya homa kubwa iliyofuata vita vya kwanza? Ni 1918. Nzige walikuja akiwa anachunga? Nzige walizagaa Kenya tangu 1928 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Njaa ya wakati wa vita vya pili ilikuwa 1943. Kwa wanaume, uliza alitahiriwa pamoja na akina nani. Wenzake wa jando wakiwa na vyeti vya shule, umepata makadirio ya umri wake.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na urekodi sauti tu mwanzoni, kwani kamera huwafanya watu wahutubie. Usilipe kwa kila jibu. Kilo ya sukari, sabuni, leso kwa magokoro, nauli ya bodaboda kwa mzee aliyetoka mbali: hayo ni heshima. Bei kwa kila jina huzaa majina mengi.

Karatasi zilipo

Wanaotafuta koo zao Ayalandi hukumbana na pengo maarufu: ofisi kuu ya kumbukumbu mjini Dublin iliungua mwaka 1922 na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851 ikateketea. Wakajifunza kutegemea rejista za parokia na orodha za wapangaji wa mashamba. Sisi hatukuunguliwa na jengo, karatasi zenyewe zilichelewa kuanza. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo kwa Waafrika ulianza kupanuliwa karibu na uhuru na kufika nchi nzima mwaka 1971 tu. Lakini njia yetu ya kuzunguka pengo hilo ni ile ile yao: kanisa na shamba.

Kanisa kwanza. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Vituo vyote viwili viliporwa katika vurugu zilizofuata mapigano ya Kisii ya 12 Septemba 1914, kwa hiyo usitarajie mengi ya kabla ya hapo. Rejista ya ubatizo ya Kikatoliki ina thamani kubwa: jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, na mara nyingi pembeni mwa ukurasa padri ameongeza ndoa iliyofungwa miaka mingi baadaye na mahali ilipofungwa. Za zamani huandikwa kwa Kilatini, basi Yohana ni Joannes. Jimbo la Kisii liliundwa mwaka 1960, Maurice Otunga akiwa askofu wa kwanza. Kwa rejista za nyuma zaidi huenda ukaelekezwa Kisumu. Waadventista hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo kwao tafuta orodha za washiriki na barua za uhamisho kutoka kanisa moja hadi jingine. Nenda na barua ya utambulisho kutoka kanisa la nyumbani, na siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili hakuna wa kukufungulia kabati.

Halafu ofisi ya ardhi, Kisii au Nyamira. Ukiwa na nambari ya shamba, uliza kuhusu kadi ya kijani, rekodi ya shamba tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Ina sehemu tatu: A inaeleza shamba lenyewe na ukubwa wake, B inawataja wamiliki mmoja baada ya mwingine kwa tarehe, C inaonyesha mikopo na zuio. Sehemu ya B ndiyo yako. Utaona jina la babu, kisha mstari mmoja wa kurithiwa, kisha kadi imefungwa kwa sababu shamba limegawanywa, na nambari mpya zimeandikwa. Fuata kila nambari na utakuwa umewapata wana wote waliorithi, hata yule ambaye jina lake halitajwi nyumbani. Lakini usiende huko kabla ya kuwaeleza wazee, wala usiende kimyakimya. Mji wa Kisii una masikio, na habari kwamba umeonekana ofisi ya ardhi itafika nyumbani kabla yako.

Mahakama watu huisahau. Mirathi ikifunguliwa, notisi huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ikimtaja marehemu, alikokuwa akiishi, tarehe ya kifo, na waombaji pamoja na uhusiano wao naye. Matoleo mengi unaweza kuyasoma bure kwenye tovuti ya Kenya Law, hata ukiwa Minneapolis. Faili lenyewe mahakamani huwa na barua ya chifu inayoorodhesha wajane na watoto wote, nyumba kwa nyumba. Naiona karatasi hiyo kuwa bora kuliko cheti chochote cha kuzaliwa.

Nyaraka za Kitaifa zipo Moi Avenue, Nairobi. Ukitafuta "Nyamira" kwenye faili za kikoloni utarudi mikono mitupu. Kisii na Nyamira zilikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa South Kavirondo, baadaye South Nyanza. Kisii ikawa wilaya peke yake mwaka 1961, na Nyamira ikatengwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Faili za mkuu wa wilaya ziko chini ya alama DC/KSI. Maandishi ya mwanzo kabisa huwaita watu wetu Kosova, Bonchari huandikwa Wanjare, Machoge huwa Majoge, na Kitutu huwa Getutu. Utakuta ripoti za mwaka, kesi, orodha za machifu na wazee wa baraza, na mambo ya 1908, mwaka ambao Otenyo, mpiganaji wa Gusii, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya Northcote na majeshi yakaja kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Mkulima wa kawaida hutajwa mara chache, basi usimalize muda wako wote huko.

Na usipite mbali na vijitabu vya mazishi. Siku hizi karibu kila mazishi yana kijitabu chenye wasifu wa marehemu: wazazi, ndugu kwa mpangilio, wake, watoto, wakwe, wajukuu. Kila nyumba ina kadhaa ndani ya Biblia au kabatini. Piga picha kila ukurasa.

Maisha ya kila siku

Panga chumba Keroka au mjini Kisii kwa siku unazohitaji kuandika. Keroka iko mpakani mwa kaunti zote mbili na magari ni mengi. Siku nyingine lala nyumbani. Beba sweta na gambuti, maana Kisii iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na mvua za alasiri hazina msimu wa kupumzika sana. Panga ofisi asubuhi na wazee jioni. Desemba utapata watu wote nyumbani, ila ofisi zimefungwa. Agosti hadi Novemba ni afadhali, umalizie na Desemba kusomea familia ulichopata.

Usomaji huo usiukwepe. Chapisha mchoro wa ukoo, uupeleke kwenye kikao, acha wausahihishe kwa kalamu. Kisha ipe kila nyumba nakala yake, na rekodi za sauti uwape watoto wa waliozungumza, kwenye simu zao, kabla hujaondoka. Ukirudi zako nazo peke yako, atakayekuja baada yako atafungiwa mlango.

Waliozaliwa kabla ya 1940 wamebaki wachache sana, na wengi wao waliwaona kwa macho wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1914. Kumbukumbu za Nairobi zitasubiri, na kadi za ardhi pia. Kama una nyanya wa umri huo Kitutu, Nyaribari au popote Gusii, mpigie simu leo umwambie unakuja, na usingoje Desemba.